Je, wajua? Weusi wa bunduki kongwe ni kutu

Mpe mtu bunduki ya karne ya 19 iliyolala darini miaka mingi, mtutu umekuwa mwekundu kama barabara ya vumbi, na kitu cha kwanza atakachotafuta ni msasa. Akikosa msasa ataomba ndimu na majivu. Mwambie aitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa, naye atakutazama kama umemshauri amtibu mlevi kwa gongo.

Lakini maji yanayochemka ndiyo jibu. Chuma chenye kutu nyekundu kikichemshwa sawasawa hutoka kikiwa cheusi. Kutu haijakwanguliwa, imegeuka kitu kingine palepale ilipokaa. Na weusi huo si mgeni kwenye mtutu. Ni uleule ambao kiwanda kiliupaka, au tuseme kiliuotesha, bunduki ilipokuwa mpya. Inakuwaje basi maji yaliyoleta ugonjwa yawe ndiyo dawa?

Bunduki zenyewe kwanza, kwa kifupi. Ni zile za risasi moja: unafungua, unatia, unafunga, unapiga, unaanza upya. Jeshi la Uingereza lilipokea Martini-Henry mwaka 1871. Wajerumani wakawa na Mauser ya mwaka huohuo, ya milimita 11. Zote mbili zilifika kwetu. Mauser 71 ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki vita vilipoanza mwaka 1914, na moshi wa baruti yake nyeusi ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Martini zilipitia Maskati kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, na huko Oman bado zinabebwa kwenye sherehe, mitutu ikiwa imevishwa pete za fedha. Kwa wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, shehena iliyowapa kazi kubwa ilitoka Nepal: mwaka 2003 makumi ya maelfu ya silaha za kale yalinunuliwa kutoka jumba la Lagan Silekhana, Kathmandu, na humo mlikuwa na Martini tele zilizogandwa na grisi kavu na vumbi.

Neno la sheria kabla ya kuwasha jiko. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 huhesabiwa kitu cha kale. Kwetu hakuna mteremko huo. Tanzania hata gobore linahitaji leseni. Iliyokutwa kwenye dari la marehemu babu ianzie kituo cha polisi, isianzie jikoni. Na ikiwa ni gobore, usiamini macho: mengi yaliachwa na baruti ndani. Ingiza ufito mdomoni mwa mtutu hadi ugote, tia alama, kisha ulaze nje ya mtutu. Ukiishia vidole kadhaa kabla ya mwisho wa mtutu, kuna kitu ndani, na kazi si yako tena. Yote yanayofuata ni ya kuhifadhi bunduki na kuitazama. Hakuna mtutu ulioliwa na kutu unaorudi kuwa salama kupigia kwa sababu umependeza.

Makosa mengi yanatokana na imani moja, kwamba kutu ni uchafu. Tope ni uchafu. Limetoka nje likakaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichobadilika, na mpaka wake hauko juu ya uso bali ndani. Ukiusugua kwa msasa hadi wekundu uishe, umeondoa kutu, umeondoa na chuma kizima kilichokuwa kimesimama kati ya shimo na shimo, ili tu ufike chini ya shimo lenye kina kuliko yote. Mihuri ya kiwanda imepigwa kwa kina kidogo mno, sehemu ndogo tu ya milimita. Herufi hupotea kabla kutu haijaisha. Kona kali za mwili wa bunduki, lile pande la chuma lililo nyuma ya mtutu, huviringika, matundu ya skrubu hupanuka midomo. Martini inayong'aa kama kijiko haijatengenezwa, imechunwa ngozi, na mnunuzi anayejua huiona hivyo kutoka mlangoni.

Wenye huruma na chuma hukwepa msasa wakakimbilia asidi. Jikoni tumezoea ukwaju na ndimu kung'arisha vyombo vya shaba, kwa hiyo mkono unakwenda huko wenyewe. Wengine hutumia siki, wengine soda ya kola, ambayo ina asidi ya fosforiki. Kweli kutu inayeyuka. Tatizo ni kwamba asidi haina macho ya kuchagua. Inakula kutu nyekundu, inakula na weusi wa kiwandani uliosalia, inaacha chuma cha kijivu kisicho na uhai. Bunduki za michezo za Marekani za risasi moja mara nyingi zilikuwa na mwili wenye mawingu ya rangi, buluu na kahawia, yaliyotokana na kuchomwa ndani ya mkaa wa mifupa na kuzimwa majini. Mawingu hayo ni membamba ajabu. Dakika chache za siki na yamekwenda, wala hayarudishwi kwa brashi.

Kosa linalostahili kuzungumzwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu karibu kila anayeanza analo, ni kudhani kwamba ule weusi ni rangi, au lami, au moshi. Weusi ni kutu. Fundi wa zamani aliuosha mtutu usiwe na mafuta, akaupaka dawa ya chumvi na asidi, akauacha kwenye kasha lenye joto na unyevu kwa saa kadhaa mpaka uote kutu laini kama unga wa mdalasini. Kisha akauchemsha. Unga ukawa mweusi. Akaupiga brashi laini, akaupaka tena dawa, akaurudisha kashani, na hivyo hivyo mara kadhaa mpaka weusi ukolee. Kabla ya kuchemsha kuwa desturi, mtutu uliachwa na rangi ya kahawia, na Waingereza waliendelea kuiita kazi hiyo kwa jina la kahawia hata mtutu ulipotoka mweusi tititi. Kwa hiyo anayesugua kutu "ili aione rangi ya asili" anaiondoa rangi anayoitafuta.

Ukichemsha bunduki kongwe, unamalizia kazi ya kiwanda juu ya kutu ambayo hukuiotesha wewe.

Sasa ule wasiwasi wa maji. Chuma hakiliwi na maji peke yake. Kinaliwa na maji yakishirikiana na oksijeni. Maji ya kawaida kwenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Yanapochemka kwa nguvu, karibu yote imekwisha kutoka na mvuke. Mtutu uliozama wote ndani ya maji yanayochemka uko mahali pakavu kwa maana hiyo moja: hauna cha kuutafuna. Hatari iko pembezoni. Ukiuacha nusu ndani nusu nje, kwenye mstari wa maji utaota ukanda mwekundu, kwa sababu hapo hewa na maji vinakutana.

Kuzuia kutu mpya ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, ile ya kugeuza ya zamani, ndiyo tamu.

Fikiria sufuria ya wali. Juu kuna punje zilizovimba, zimeachana, zimejaa maji na nafasi. Chini kuna ukoko: mchele uleule, lakini umeshikana, mwembamba, mgumu, na umeng'ang'ania chuma. Kutu nyekundu ni wali wa juu. Inachukua nafasi mara tatu au zaidi ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo inapoota inajisukuma yenyewe, inapasuka, inabanduka magamba, na kila gamba linaacha mlango kwa unyevu wa kesho. Kutu nyeusi, ambayo jina lake ni magnetiti, huchukua nafasi mara mbili tu. Haijisukumi sana. Inakaa.

Kinachotenganisha hizo mbili ni deni. Chukulia elektroni ni fedha na oksijeni ni mtoza ushuru. Katika kutu nyekundu kila atomu ya chuma imetozwa tatu. Katika magnetiti, kwa kila atomu tatu, mbili zimetozwa tatu na moja imetozwa mbili tu. Basi ili kutu nyekundu iwe nyeusi, baadhi ya atomu zake lazima zirudishiwe kitu. Wa kuzirudishia yupo karibu: chuma kizima kilicho chini, ambacho hakijatozwa hata senti. Kikundi cha atomu nane zilizotozwa tatu tatu humpata jirani mmoja mzima. Jirani anatoa mbili. Zinakwenda kwa wawili kati ya wale wanane, moja moja. Hesabu upya: sasa kuna sita waliotozwa tatu, na watatu waliotozwa mbili, yaani wale wawili na jirani mwenyewe. Sita kwa watatu ndiyo hasa sehemu ya magnetiti. Hakuna anayebaki, ila maji kidogo yaliyokuwa yamefungwa ndani ya kutu yanaachiwa huru.

Maji ya moto ndiyo uwanja wa mapatano hayo. Chuma huachia atomu chache zenye chaji, zinaelea hadi kwenye kutu, zinapangana nayo upya. Joto linaharakisha mwendo, na kuchemka kunamfukuza mtoza ushuru mlangoni asije akadai tena.

Ndiyo maana joto pekee halitoshi. Udongo wa njano ukichomwa kwenye moto mkavu hauwi mweusi, unakuwa ngeu, mwekundu kuliko mwanzo, na huo nao ni ndugu wa kutu. Ndiyo maana pia unga wa kutu uliokwanguliwa ukiuchemsha peke yake kwenye chupa ya kioo huwa unabaki na wekundu wake: hana jirani wa kumkopa. Na ndiyo maana magamba manene yaliyosimama mbali na chuma hayageuki hata uchemshe mpaka maghribi.

Weusi unaweza kuupima kwa sumaku. Unga wa kutu nyekundu hauirukii. Unga mweusi unairukia kama zile punje nyeusi ambazo watoto huzivuta mchangani. Ila siku ya jaribio usisugulie nyuzi za chuma (steel wool), maana vipande vyake navyo hurukia sumaku, na utashangilia bure.

Kazi yenyewe huanza bila moto. Mbao hutoka zote. Kitako cha Martini kimeshikwa na skrubu moja ndefu iliyopita ndani ya kitako chenyewe. Toa bamba la nyuma ndipo uione kichwa chake, na bisibisi iwe ndefu na pana. Bisibisi nyembamba hutafuna mfuo wa skrubu na kuacha kovu ambalo kutu haikuwa imeliacha, kwa hiyo chonga ncha yake ijae mfuo pande zote. Skrubu iliyogoma ipe mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya gia ya otomatiki, uisubiri siku nzima. Mchanganyiko huo hujitenga, utikise kila unapouchovya. Mtutu wenyewe usijaribu kuuondoa kwenye mwili; ulikazwa kiwandani ubaki hapo, na anayeushika kwenye jiliwa kwa hasira hupinda mwili.

Grisi kavu lainisha kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na jiko. Magamba ya kutu yapunguze kwa kipande cha shaba kilichonolewa ukingo, mtutu ukiwa na mafuta. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, inang'oa gamba bila kuchora uso. Usitafute wekundu uishe. Ukiona uso umekuwa tambarare na kutu imebaki kama vumbi lililoshika, inatosha. Kisha ondoa mafuta yote kwa asetoni na, kuanzia hapo, vaa glovu. Alama ya kidole yenye mafuta hujichapa kwenye weusi na itabaki hapo kama sahihi yako.

Chombo kiwe cha chuma cha kawaida au cha pua, urefu wa mita 1.2, maana mtutu wa Martini ndefu peke yake ni sentimita 84 na mwili unaongezeka. Upana na kina cha sentimita 10 vitakula lita 10 hadi 12. Aluminiamu na gata la bati lenye zinki viache; metali hizo huingilia mapatano yale kati ya chuma na kutu. Maji yawe ya mvua au yaliyokenekwa. Yale ya kuongezea betri za gari yanafaa, lakini soma chupa kwanza, kwa sababu watu huita "maji ya betri" hata asidi yenyewe. Maji ya bomba na ya kisima huacha madoa ya kijivu ya chokaa, na yakiwa na chumvi ni afadhali usingeanza.

Chemsha kwanza, tumbukiza baadaye. Ning'iniza mtutu kwa waya mbili usiguse chini, uzame wote, maji yakiwa sentimita mbili au tatu juu yake. Tundu liache wazi pande zote ili ndani nako kupate dawa. Ukiziba ncha zote mbili, hewa iliyofungiwa itapanuka na kuirusha mbao ya kizibo. Kuhusu muda, wapo wanaosema dakika 10 na wapo wasioridhika bila 30. Rangi ni mwalimu bora kuliko saa: wekundu ukiisha na uso ukawa na weusi wa mahameli, umeiva. Nusu saa haiharibu kitu. Vuta nje kwa waya, inamisha maji yatoke tunduni, na chuma chenye moto kitajikausha kabla hujapata kitambaa.

Hapo bunduki inatisha. Inafanana na chungu cha pilau ya kuni. Sugua mahameli hayo kwa nyuzi za chuma namba 0000, uzito wa mkono tu, ukizingatia kwamba nyuzi mpya hutoka dukani zina mafuta na lazima zioshwe kwa asetoni. Unga mweusi utaanguka, na chini yake utakuta weusi uliokaza. Penye wekundu uliobaki, rudisha majini. Mara tatu au nne ni kawaida kwa mtutu ulioliwa. Maji yakipata rangi ya chai, yamwage ulete mapya, kwa sababu yamebeba chumvi zilizotoka mashimoni.

Chumvi ndiyo inayowaangusha wengi, hasa kwa silaha zilizokaa pwani au zilizopigwa kwa fataki za klorati, vile viwashio vya kale vya baruti, ambazo huacha chumvi inayonyonya unyevu. Mtutu unakuwa mweusi safi leo, wiki ijayo kuna nukta za chungwa ndani ya mashimo. Weusi haukushindwa, chumvi ilikuwa bado imejificha chini. Chemsha tena kwa maji mapya, mara nyingi kadiri nukta zinavyorudi. Mwishoni paka mafuta mepesi chuma kikiwa bado na vuguvugu, uache usiku mzima. Magnetiti ina vinyweleo. Bila mafuta ndani yake, unyevu utavijaza.

Faida ya njia hii inaonekana zaidi kwenye viungo vilivyolehemewa kwa risasi na bati, kama mbavu za bunduki za mitutu miwili, yaani vibamba virefu vinavyounganisha mitutu. Lehemu hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 183, kwa hiyo maji ya nyuzi 100 hayaigusi. Viwanda vya baadaye vilihamia kwenye chumvi kali za moto wa nyuzi 140 hivi, haraka na rahisi, lakini chumvi hizo hutafuna lehemu ya namna hiyo mpaka ubavu ubanduke.

Mbao hazichemshwi, na msasa kwake ni dhambi ileile. Futa kwa tapentaini na mafuta ya mbegu za kitani, nusu kwa nusu, kitambaa kisilowe. Kitambaa hicho kitandaze nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa kapuni hujipasha chenyewe hadi kuwaka.

Ambaye hana bunduki wala kibali ajaribu kwa pasi ya mkaa, mpini ukiwa umetolewa, au kufuli la zamani. Chuma hakijui kilitengenezewa nini.

Mwisho chukua chaki. Mashimo hayazibiki, yatabaki, ila meusi. Sugua chaki juu ya ubavu wa kulia wa mwili wa Martini, futa kwa kiganja, elekeza tochi kutoka pembeni. Herufi hushika weupe: taji, V.R. ya Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka. Na kwenye zile za Kathmandu, pembeni ya Kiingereza, mara nyingi kuna mstari mwingine wa tarakimu zilizopigwa kwa mkono usio na haraka, kwa Kidevanagari, maandishi ya Nepal.